Somo la Historia: Watu Wasioua Hata Mdudu

Fungueni ukurasa wa leo, tusome pamoja.

Mkulima akipiga jembe, huua wadudu wengi asiowaona. Je, ana hatia? Zamani sana katika Bara Hindi walikuwako watu waliolifikiri swali hilo mpaka likabadili maisha yao. Watu hao ni Wajaini.

Mwalimu wao mkuu aliitwa Vardhamana. Wajaini husema alizaliwa mwaka 599 kabla ya Kristo, karibu na mji wa Vaishali, katika jimbo liitwalo leo Bihar. Alikuwa mwana wa mtawala, hakukosa kitu. Hata hivyo, alipofika umri wa miaka 30 aliacha nyumba na mali, akaenda zake. Kwa miaka 12 alitangatanga, akifunga na kunyamaza, wala hakumlipiza aliyempiga. Mwisho akapata ujuzi aliokuwa akiutafuta. Wakamwita Mahavira, yaani Shujaa Mkuu. Lakini shujaa huyu hakushika upanga, alijishinda mwenyewe. Katika lugha yao ya kale, neno “jina” maana yake ni mshindi, nako ndiko lilikotoka neno Wajaini.

Wao husema kuwa Mahavira hakuanzisha dini, bali alikuwa mwalimu wa 24. Aliyemtangulia aliitwa Parshva.

Sasa sikilizeni wanayoyaamini. Hawaamini kuwa yuko Mungu aliyeumba dunia. Kila chenye uhai kina roho: mtu, mnyama, mdudu, hata mti. Matendo yetu hushika roho kama vumbi lishikavyo nguo yenye mafuta. Roho iliyochafuka huzaliwa tena na tena. Ikitakata, huwa huru. Hakuna awezaye kukusafishia yako. Ni kazi yako mwenyewe.

Kwa hiyo watawa wao huapa mambo matano: kutodhuru chenye uhai, kusema kweli, kutoiba, kujizuia na tamaa za mwili, na kutoshikilia mali. Wengine hufagia njia mbele yao wasije wakakanyaga sisimizi.

Watu wa kawaida hufuata kadiri ya uwezo wao. Hawali nyama. Wengi waliacha jembe, wakashika biashara. Biashara nayo huleta mali, na mali ni mtego. Basi hufundishwa kutoa sadaka. Mjini Delhi wana hospitali ya kutibia njiwa na ndege wengine, bila malipo.

Hesabu ya watu ya mwaka 2011 ilionyesha Wajaini karibu milioni 4 na nusu katika India. Si wengi, lakini fikira zao zimefika mbali. Gandhi alijifunza mengi kwa rafiki yake Mjaini, Raychandbhai. Wengine walivuka bahari kutoka Gujarat, wakajenga mahekalu Mombasa na Nairobi.

Basi, jibuni katika madaftari yenu:

1. Mahavira aliacha nini, na kwa nini aliitwa shujaa?
2. Kwa nini Wajaini wengi hawakulima?
3. Wewe waweza kuishi siku moja bila kudhuru kiumbe cho chote? Andika sentensi tatu.

Kwaherini mpaka somo lijalo.