Kura iliyosubiri miaka 29

Novemba 1942, Marekani ikiwa katikati ya Vita Kuu ya Pili, umri wa kuitwa jeshini kwa lazima ulishushwa kutoka miaka 20 hadi 18. Umri wa kupiga kura ukabaki 21. Mwaka huohuo Jennings Randolph, mbunge kutoka West Virginia, alipeleka pendekezo la kurekebisha katiba: anayefaa kutumwa vitani afae pia kuwachagua wanaomtuma. Halikupita. Alilirudisha tena na tena, akiwa mbunge na baadaye seneta, mara 11 kwa jumla.

Georgia haikungoja. Mwaka 1943, chini ya Gavana Ellis Arnall, likawa jimbo la kwanza kuruhusu kura kwa miaka 18. Sifa hiyo ina doa kubwa: kura za maoni za chama cha Democratic, ambazo ndizo hasa zilizoamua mshindi, zilikuwa bado za Wazungu peke yao. Kentucky ilifuata 1955. Hata Rais Dwight Eisenhower, jenerali aliyewaongoza vijana hao Ulaya, aliunga mkono hoja hiyo mwaka 1954, na Bunge halikutikisika.

Vita vya Vietnam vilirudisha nyumbani majeneza ya vijana ambao hawakuwahi kupiga kura. Juni 1970 Bunge lilishusha umri kwa sheria ya kawaida. Rais Richard Nixon aliitia saini huku akisema kifungu hicho kinakiuka katiba. Oregon ikaenda Mahakama Kuu ya nchi. Desemba, majaji wanne waliona Bunge lina mamlaka hayo, wanne wakakataa, na Jaji Hugo Black akabaki mwamuzi: katika kumchagua rais na wabunge wa taifa, sawa, katika kumchagua gavana au meya, hapana.

Hapo ndipo mambo yalipokwenda mbio. Maafisa wa uchaguzi wangelazimika kuwa na madaftari mawili ya wapiga kura, na karatasi tofauti kwa watu waliosimama foleni moja. Gharama na vurugu hizo ziliyatisha majimbo. Seneti ilipitisha marekebisho ya katiba ya kura kwa miaka 18 tarehe 10 Machi 1971 kwa kura 94 bila pingamizi, Baraza la Wawakilishi tarehe 23 Machi kwa 401 dhidi ya 19, na kufikia 1 Julai robo tatu ya majimbo yalikuwa yameridhia. Hakuna marekebisho ya katiba ya Marekani yaliyowahi kuridhiwa haraka hivyo. Inauma kuona kwamba hoja ya damu ilisubiri miaka 29, na hoja ya madaftari ikashinda ndani ya miezi saba.

Na bado vijana wote hawakufunguliwa mlango. Katika kaunti ya Waller, Texas, msajili aliwabana kwa maswali wanafunzi wa Prairie View, chuo cha Weusi: una nyumba hapa, utabaki ukimaliza masomo? Ilibidi kesi ifike Mahakama Kuu, na ni mwaka 1979 tu ndipo haki yao ya kujiandikisha wanakosomea ilipothibitishwa.