Eropleni Iliyoitwa Mwalimu

Mtu asimamaye Gikomba, mahali wauzapo mitumba, huona mara kwa mara eropleni ya jeshi ikishuka upande wa kaskazini mashariki na kupotea nyuma ya mapaa ya Pumwani. Iendako ni kiwanja cha Eastleigh, ambacho leo huitwa Moi Air Base. Wachuuzi hawainui hata macho. Wengi wao hawajui kwamba mpaka mwaka wa 1958, Embakasi ilipofunguliwa, kiwanja hicho ndicho kilichokuwa mlango wa Nairobi kwa wageni waliofika kwa njia ya anga.

Juzi nilikaribishwa katika chumba kidogo nyuma ya vibanda vya mbao. Kijana mmoja, fundi wa kompyuta kuukuu, huwafundisha wenziwe humo mchezo wa kurusha eropleni katika kioo cha kompyuta, kazi ya mchana ikiisha. Wengine hupenda zile kubwa za siku hizi. Yeye alikuwa amechagua ya kizamani, yenye injini mbili na mabawa yaliyopangwa ghorofa mbili, akaisimamisha mwanzo wa njia ya kurukia ya Eastleigh. Akaniambia, “Keti, Mzee. Lakini usiiamini.”

Eropleni hiyo ni Dragon Rapide, kazi ya kiwanda cha de Havilland cha Uingereza, nayo iliruka mara ya kwanza mwezi wa Aprili 1934. Ilikuwa ya mbao na kitambaa, na kila injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 200. Vita Vikuu vya Pili vilipotokea, jeshi la anga la Uingereza lilihitaji mahali pa kuwafundishia waongoza njia na watu wa simu ya upepo. Likaichukua Rapide, likatia meza za ramani na vyombo vya simu mahali pa abiria, na kuipa jina la Dominie, ambalo kwa lugha ya Waskoti maana yake ni mwalimu wa shule. Jina hilo lilistahili, ila palikuwa na jambo moja la kuchekesha: mwendeshaji alikaa peke yake puani mwa eropleni, akiwapa wanafunzi kisogo. Kiti chake kilikuwa kimoja tu. Aliyetaka kumfunza rubani mpya hakuwa na pa kuketi, ila kusimama nyuma ya bega lake na kuomba salama.

Kiti hicho kimoja kina habari yake katika nchi yetu. Mwaka wa 1929 Bibi Florence Kerr Wilson alianzisha Nairobi shirika la Wilson Airways, na katika miaka iliyofuata Rapide zikawa miongoni mwa eropleni zake. Vita vilipoanza mwaka wa 1939 shirika hilo likakoma. Tarehe 1 Januari 1946 likaanza jingine, East African Airways, nalo pia likaanza kazi kwa eropleni za namna hiyo hiyo. Marubani walikuwa Wazungu. Mwafrika aliweza kubeba mizigo, kufagia kiwanja, au kumimina mafuta, wala hapakuwa na shule ya kumfikisha kwenye kiti kile.

Na tukumbuke walivyoishi watu wa chini. Pumwani ilitengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 iwe makao ya Waafrika mjini. Tangu mwaka wa 1920 hata mwishoni mwa miaka ya 1940, mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuchukua kipande, naye akionekana bila hicho aliweza kufungwa. Basi juu ya kichwa chake ilipita eropleni iliyofika pwani kwa saa chache, hali yeye hawezi kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine bila kuulizwa karatasi. Kisha ikaja Hali ya Hatari. Aprili 1954 askari walizingira Nairobi na kukamata maelfu ya watu, na katika miaka hiyo mabomu yaliyoangushwa katika misitu ya Aberdare yalichukuliwa na eropleni za Lincoln zilizoondokea Eastleigh hapo hapo. Waliokuwa watoto Gikomba wakati huo hawakuhesabu mngurumo wa injini kuwa burudani. Jeshi la Anga la Kenya lilizaliwa Juni 1964, na kiwanja kikawa mikononi mwa Wakenya.

Huu mchezo wa kurusha eropleni pasipo kuondoka ardhini nao si mpya. Mmarekani Edwin Link, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda huko Binghamton, alitengeneza mwaka wa 1929 kijieropleni kilichofungwa juu ya mivukuto ya kinanda. Mivukuto ikijaa upepo au kupungukiwa, chombo kiliinama na kugeuka kama kilicho angani. Wahunzi wa Gikomba, waliokuza moto kwa mivukuto, wangekielewa kitu hicho mara moja. Wanajeshi walikidharau, na wanunuzi wake wengi walikuwa wenye viwanja vya michezo. Lakini mwaka wa 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kupeleka barua kwa ndege, na marubani wake wakafa mmoja baada ya mwingine katika mawingu na giza, kwa kuwa hawakuzoea kuendesha kwa kutazama saa za mitambo tu. Ndipo jeshi likanunua vyombo sita vya Link. Vita vilipokwisha, maelfu yalikuwa yamekwisha kutengenezwa.

Nikaketi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hapa hewa ni nyepesi. Injini hupungukiwa nguvu, na mabawa nayo hushika hewa kidogo. Kwa hiyo eropleni ilikimbia mbali kuliko nilivyotazamia kabla ya kuinuka. Mapaa ya Eastleigh yakapita chini. Mara yule kijana, bila kunionya, akazima injini ya kushoto. Pua ikageuka kushoto kwa nguvu. Kanyagio la kulia ndilo lililotakiwa. Nami nikavuta usukani ili nipande, kama afanyavyo kila mwoga. Mwendo ukapungua, bawa likazama, na kioo kikawa cheusi.

“Ungeshusha pua kwanza,” akasema. “Kwa injini moja hapa kwetu haipandi. Unatafuta mahali pa kushukia.”

Msichana wa miaka kumi na sita hivi, aliyekuwa akingoja zamu yake mlangoni, akaniomba nimpishe. Akaisogeza eropleni mwanzo wa njia, akatazama saa zote moja moja, akaongeza moto. Injini ikazimwa kwake pia. Akakanyaga kulia, akashusha pua, akairudisha Eastleigh polepole, magurudumu yakagusa.

Akauliza kama aweza kuirusha mpaka Mombasa.