RELI YA MPANDA: MGODI ULIKUFA, TRENI IKABAKI

Ndugu wasikilizaji, tazameni ramani ya reli za nchi yetu. Mtaona Reli ya Kati inatoka Dar es Salaam, inapita Dodoma na Tabora, mpaka Kigoma. Lakini pale Kaliua, magharibi ya Tabora, kuna mstari mwingine unaochepuka kuelekea kusini. Unapenya katika misitu ya miyombo, unavuka mto Ugalla, unakwenda kilomita zipatazo 210, kisha unakoma Mpanda. Haufiki Ziwa Tanganyika, wala hauvuki mpaka wowote. Mgeni atauliza: nani alijenga reli ya kuishia porini?

Jibu lake ni neno moja: risasi. Sisemi risasi ya bunduki, ingawa jina ni hilo hilo. Nasema yale madini mazito, laini, ya rangi ya kijivu, ambayo hutiwa katika betri za magari na ambayo zamani yalitengenezewa mabomba ya maji na rangi za nyumba.

Mawe yenye risasi yaligunduliwa Mpanda katika miaka ya 1930, yakiwa yamechanganyika na shaba, fedha na dhahabu. Lakini kugundua ni jambo moja na kusafirisha ni jambo jingine. Dhahabu mtu aweza kuibeba mfukoni. Risasi haibebeki hivyo. Thamani yake hupatikana kwa tani nyingi, na kutoka Mpanda hadi bandari ya Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 1,100. Bila reli, mali ile ilikuwa mawe tu.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Uingereza ilitoka vitani imechoka, ina madeni, na haina dola za kununulia malighafi Marekani. Ikageuza macho kwenye makoloni na nchi za udhamini kama Tanganyika. Ndipo tawi la Mpanda lilipojengwa, likafunguliwa mwaka 1950. Lilikuwa la kipimo kile kile cha Reli ya Kati, yaani mita 1 kati ya chuma na chuma, ili mabehewa ya mgodini yaende moja kwa moja hadi bandarini bila kupakua mzigo njiani. Mgodi wenyewe uliendeshwa na kampuni ya Uruwira Minerals. Katika miaka ya 1950 risasi ya Mpanda ilikuwa miongoni mwa madini makuu yaliyouzwa nje ya Tanganyika, pamoja na almasi na dhahabu.

Reli ile haikupangwa kwa ajili ya Wakonongo, Wabende wala Wapimbwe. Sehemu kubwa ya nchi ile ilikuwa na mbung'o, na miaka ya nyuma serikali ya kikoloni ilikuwa imewahamisha watu wengi wa magharibi na kuwakusanya katika makazi maalumu kwa sababu ya malale. Reli ilipita katika nchi yenye watu wachache, ikimtumikia bwana mmoja, mgodi.

Bwana huyo hakuishi sana. Mwaka 1960 mgodi ulifungwa. Reli ilikuwa na umri wa miaka 10 tu!

Wasikilizaji, hapa ndipo pa kutulia kidogo. Katika miaka hiyo hiyo kulikuwa na reli nyingine changa kusini ya nchi, kutoka Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi mkubwa wa karanga. Mradi ule uliachwa mwaka 1951, baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Reli yake ikajikongoja bila mzigo wa kutosha, mpaka mwaka 1962 ikafungwa, na vyuma vyake vikang'olewa. Wakulima wa kusini wakabaki na barabara ambazo wakati wa masika hazikupitika. Reli ya Mpanda nayo ingeweza kufuata njia hiyo. Sababu ilikuwepo, kwani mzigo ulioizaa haukuwepo tena.

Lakini haikung'olewa. Na ilivyoendelea kuwepo, watu waliifuata. Palilimwa tumbaku, mahindi na mpunga, na asali ya misituni ikapata njia ya kwenda sokoni. Mwaka 1972, damu ilipomwagika Burundi, maelfu ya wakimbizi waliingia nchini mwetu. Mwaka 1973 yakaanzishwa makazi ya Katumba, nayo yakawekwa kandokando ya reli hii hii. Watu waliofika mikono mitupu wakafyeka pori, wakalima, na mazao yao yakapanda treni iliyojengwa kubeba risasi. Mwaka 2014 wengi wao, na wenzao wa Mishamo na Ulyankulu, walikabidhiwa hati za uraia wa Tanzania. Mpanda nayo, ambayo ingeweza kubaki gofu la mgodi, tangu mwaka 2012 ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi.

Hebu tujiulize: mhasibu wa mwaka 1960 angepiga hesabu gani? Angeandika tani za risasi: sifuri. Kwa hesabu hiyo reli ilikuwa hasara tupu. Daftari lake lisingekuwa na safu ya kuandikia mkulima wa Katumba ambaye hajafika, wala mkoa ambao haujazaliwa.

Sisemi kwamba kila reli ya zamani itunzwe kama masalia. Reli inakula fedha, mataruma huchakaa, madaraja hupelekwa na mafuriko. Siku hizi lami imefika Mpanda kutoka Tabora, na mipango ya reli mpya ya kisasa inataja tawi la Kaliua, Mpanda hadi Karema, ili hatimaye njia ifike ziwani. Hayo ni mambo ya heri. Ninalosema ni kwamba, tunapoamua reli ipi ife na ipi iishi, tusiulize tu kama ule mzigo wa kwanza bado upo. Tuulize ni nani wamejenga maisha yao kando ya njia tangu siku ile.

Mkoloni aliitandika reli ya Mpanda ili achukue mali aondoke nayo. Mali ikaisha, naye akaondoka. Reli ikawa ya wale waliobaki. Si jambo dogo hilo, na si vema likaachwa lipotee kwa kukosa kokoto na mataruma.

Hadi juma lijalo, kwaherini.