Nani Atoa Amri? Asili ya Somo la Kompyuta kwa Watoto wa Shule



Mtu atokaye Uvira kuja Bijombo huliacha ziwa Tanganyika na joto lake nyuma ya mgongo, akapanda mlima baada ya mlima mpaka afike kwenye baridi na malisho ya ng'ombe. Huku juu tumesikia wazazi wakiuliza: "Katika nchi za mbali watoto wadogo wafundishwa kuziagiza mashine. Je, jambo hilo latuhusu sisi, ambao shule zetu hazina umeme, na nyingine zimeteketezwa na vita vya miaka hii?" Swali lao ni la haki. Ili tulijibu vema, yafaa kwanza tujue asili ya somo hilo.

KOBE WA PAPERT

Mwaka 1928 alizaliwa Pretoria, Afrika ya Kusini, mtu jina lake Seymour Papert. Alikuwa mtaalamu wa hesabu. Tangu mwaka 1958 alikaa miaka kadhaa Geneva, Uswisi, akifanya kazi pamoja na Jean Piaget, yule bwana aliyechunguza jinsi mtoto anavyoanza kufikiri. Halafu alihamia Marekani. Huko, mwaka 1967, yeye na wenzake, Wallace Feurzeig na Cynthia Solomon, walitunga lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto, wakaiita Logo.

Baada ya hapo wakaunda roboti ndogo yenye magurudumu na kalamu, wakaipa jina la Kobe. Ilitambaa juu ya karatasi kubwa iliyotandikwa sakafuni. Mtoto akiandika "mbele 100", Kobe aenda mbele hatua mia. Akiandika "kuume 90", Kobe ageuka kiasi cha pembe ya ubao wa darasa. Amri hizo mbili zikirudiwa mara nne, Kobe amechora mraba kamili.

Na mtoto akikosea? Tuseme ameandika 60 mahali pa 90. Kobe hamkemei wala hampigi. Afanya lile aliloambiwa tu, na mraba haufungiki. Basi mtoto azirudia amri zake moja moja, akitafuta kosa liko wapi. Akikwama, Papert alimshauri ajifanye yeye mwenyewe kobe: asimame, atembee, ageuke, mpaka aone kwa mwili wake mahali alipopotea.

Shabaha ya kazi yake yote ni hiyo. Papert aliona watu wakitumia mashine kumwuliza mtoto maswali na kumsahihisha, kana kwamba mashine ni bwana na mtoto ni mtumishi. Yeye alitaka kinyume chake: mtoto ndiye aiagize mashine, na kwa kuiagiza ajifunze kuyapanga mawazo yake. Aliyaeleza hayo mwaka 1980 katika kitabu chake Mindstorms. Mwaka 1982 kazi hiyo ilifika hata Afrika, kwa watoto wa shule wa Dakar, Senegal. Mwaka 2007 Mitchel Resnick, aliyekuwa amefanya kazi na Papert, alitoa pamoja na wenzake lugha iitwayo Scratch, ambayo amri zake ni vipande vya rangi vya kuunganishwa. Na mwaka 2022 Kenya iliukubali rasmi mtaala wa kufundisha kuandika programu katika shule za msingi na za sekondari.

WATAWA NAO WALIKUWAMO

Wengine hudhani kwamba mambo haya ni ya watu wasio na dini. Sivyo. Mwaka 1949 Padri Roberto Busa, Mjesuiti wa Italia, alikwenda Marekani kuomba msaada wa kampuni ya IBM. Alitaka kuyapanga maneno yote ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino na ya waandishi wanaohusiana naye, kiasi cha milioni 11. Kazi hiyo ilidumu miaka 30 hivi, ikazaa vitabu 56.

Tena yuko Sista Mary Kenneth Keller, wa Masista wa Mapendo wa Bikira Maria. Mwaka 1965 alipata udaktari wa elimu ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Marekani kuupata. Akarudi kufundisha katika Chuo cha Clarke, Iowa, akaanzisha idara ya kompyuta, akaiongoza miaka 20. Basi mzazi asiseme kwamba binti hafai kwa masomo haya.

BILA UMEME

Sasa turudi kwetu. Jambo hili limekwisha kutuhusu, tupende tusipende: ndani ya mashine hizi mna tantali, madini yanayotoka katika koltani, na Kivu yetu hutoa koltani nyingi. Je, watoto wetu wawe wa kuchimba jiwe tu, wasijue kamwe kuamuru kitu kinachoundwa kwalo?

Mtasema: kompyuta hatuna. Lakini katika New Zealand, tangu miaka ya 1990, Tim Bell na wenzake walitunga masomo ya kompyuta yasiyohitaji kompyuta. Twaa vipande vitano vya katoni na kaa la moto lililozimika. Chora nukta 1 katika kipande cha kwanza, 2 katika cha pili, halafu 4, 8 na 16. Mwambie mtoto: "Onyesha 13." Atafunua 8, 4 na 1, atafunika vingine. Kwa vipande hivyo vitano aweza kuonyesha kila hesabu tangu 0 hadi 31. Ndivyo kompyuta inavyotunza namba zake: kwa mambo mawili tu, kufunua na kufunika.

Mchungaji wetu mdogo naye amekwisha kuanza somo hili asijue. Amwambiapo mwenzake, "Shuka mpaka mtoni, vuka, shika kushoto, panda mpaka kwenye mti," ametunga programu. Akisahau neno moja, ng'ombe wanapotea.

ROBOTI HAINA DHAMIRI

Mwaka 2013, mjini Kinshasa, mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake walisimamisha katika njia panda roboti kubwa za aluminiamu, zitumiazo nguvu ya jua, ili ziongoze magari. Ni kazi ya mikono ya Wakongomani, nasi twaona fahari. Roboti haiombi rushwa. Lakini hiyo si fadhila yake, kwa maana haina moyo wa kushinda kishawishi. Itafanya lo lote iliyoagizwa, jema au baya.

Na katika milima yetu tumeona watoto waliotiwa silaha mikononi wakaambiwa: nenda mbele, choma, rudi. Hizo ni amri za kobe, nao walipewa watoto wa Mungu. Hati ya Vatikano iitwayo Antiqua et nova, ya Januari 2025, yakumbusha kwamba kati ya mashine na mtu, ni mtu peke yake awezaye kuwajibika kwa mema na mabaya.

Siku moja baada ya mafundisho tulicheza mchezo wa kobe uani. Mtoto mmoja alifungwa kitambaa machoni, wenzake wakamwagiza: mbele tano, kuume, mbele tatu. Akaenda vizuri. Halafu wakamwambia tena: mbele. Akasimama, akasema, "Nasikia joto. Mbele kuna moto." Kweli, palikuwa na mafiga ya mpishi. Watoto wakacheka, wakasema ameharibu mchezo.

Tuliwajibu: kama kobe, amekosa, kama mtu, amefanya vema. Walimu na wazazi, tuwafundishe watoto wetu yote mawili: kutoa amri iliyo sawa, na kusimama mbele ya amri iliyo mbaya.