Ukurasa Mtupu na Ukurasa Uliojaa

Alasiri ya Februari 12, 1924, katika ukumbi wa Aeolian jijini New York, kiongozi wa okestra Paul Whiteman alifika mahali fulani katika nota zake akakuta peupe. Zamu ya piano ilikuwa imefika, lakini karatasi haikuonyesha piano itapiga nini. Palikuwa na agizo tu: asubiri mpaka mpiga piano atikise kichwa. Mpiga piano ndiye mtunzi mwenyewe, George Gershwin, kijana wa miaka 25. Ndivyo Rhapsody in Blue ilivyosikika kwa mara ya kwanza, na sehemu yake ikiwa bado imo vidoleni mwa aliyeitunga.

Gershwin alifariki Julai 11, 1937, kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na miaka 38. Miezi minne baadaye, Novemba 22, alizaliwa Nikolai Kapustin katika mji wa Horlivka, Ukraine. Huyu naye alikuja kuunganisha jazi na muziki wa kiklasiki wa Ulaya, ila hakuacha hata sentimita moja ya karatasi wazi. Kila kinachosikika kama kimemjia papo hapo, amekiandika. Nimewasikiliza wawili hawa kwa miaka mingi, na ninazidi kuamini kwamba tukitaka kujua jinsi mila hizi mbili zilivyokutana, tusiishie kuuliza nani alichukua nini kutoka wapi. Tuulize kila mmoja aliuweka wapi uhuru wake.

Gershwin alitokea mtaani. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Urusi. Akiwa na miaka 15 aliacha shule akaajiriwa na wachapishaji wa nyimbo, kazi yake kupiga piano kutwa ili wateja wazisikie nyimbo mpya na kununua nota zake. Alikuwa na mwalimu aliyemfundisha Chopin na Debussy, lakini pia alikwenda Harlem kuwasikiliza wapiga piano Weusi, akiwemo James P. Johnson, ambaye mkono wake wa kushoto uliruka kutoka besi hadi kodi na kurudi bila kupoteza mdundo. Whiteman alipomtaka kazi kubwa ya ukumbini, muda ulikuwa mfupi mno hata ikabidi Ferde Grofé ampangie sauti za okestra. Ule mlio wa klarineti unaofungua kazi hiyo, unaopanda kwa kuteleza kama mtu anayelia na kucheka kwa pamoja, Gershwin hakuuandika hivyo. Aliandika ngazi ya nota zinazopanda moja moja. Mpiga klarineti Ross Gorman aliziteleza kwa mzaha kwenye mazoezi, Gershwin akapendezwa, akataka zibaki hivyo hivyo.

Kapustin alianzia upande wa pili. Vita vya Pili vya Dunia vilipofika kwao, mama na bibi walimkimbiza hadi Tokmok, Kirgizia; baba yake akafa vitani. Baadaye alikwenda Moscow, akaingia Konsavatori, akafundishwa na Alexander Goldenweiser, mzee aliyekuwa rafiki wa Leo Tolstoy. Kwa hiyo mchana alikuwa na Bach, Chopin na Rachmaninov kutoka katika chemchemi yenyewe. Jazi aliipata redioni, kwenye matangazo ya Sauti ya Amerika, katika nchi ambayo miaka michache tu nyuma ilikuwa imewanyang'anya wanamuziki saksofoni zao kwa kuziona chombo cha adui. Alipohitimu mwaka 1961 hakufuata njia ya mpiga piano wa majukwaa. Alijiunga na bendi kubwa ya Oleg Lundstrem, iliyoanzishwa na vijana wa Kirusi huko Harbin, Uchina, mwaka 1934, akakaa humo hadi 1972. Huo ndio uliokuwa uanagenzi wake.

Chukua etidi ya saba kati ya zile nane za Opus 40, za mwaka 1984, iitwayo Intermezzo. Inaanza kwa utulivu, mfano wa mzee anayepiga piano hotelini usiku wateja wakiwa wamebaki wachache. Kisha mkono wa kulia unaanza kutembea kwa nota mbili mbili, na unagundua kwamba starehe hiyo ni zoezi gumu la vidole, katika mila ile ile ya etidi za Chopin. Au chukua Suite in the Old Style, Opus 28: majina ya sehemu zake ni yale ya ngoma ambazo Bach alizitumia, alemandi, gavoti, sarabandi, bourrée, jigi. Mpangilio ni wa karne ya 18, lakini anayekaa ndani yake ameshinda akimsikiliza mpiga piano wa jazi Oscar Peterson. Mwaka 1997 akaandika preludi na fuga 24, katika funguo zote, na kuzipa namba ya Opus 82. Hadi alipofariki Moscow, Julai 2, 2020, alikuwa na sonata 20 na konseto sita za piano.

Wako wanaosema jazi iliyoandikwa yote si jazi. Kapustin mwenyewe hakubishana nao. Alisema yeye si mwanajazi, kubuni papo kwa papo hakumvutii, na kwamba ubunifu wake ukiandikwa unakomaa. Nadhani alikuwa mkweli, na nadhani wanaomlaumu wanachanganya mambo mawili: namna kitu kinavyotengenezwa na namna kinavyoishi kinaposikika.

Sisi tuliolelewa na taarabu hatupaswi kutatizwa na hili. Onyesho la taarabu ya zamani Unguja lilifunguliwa kwa bashrafu, muziki mtupu usio na uimbaji, uliokwisha kutungwa na unaojulikana na kila aliyekaa kwenye kiti. Halafu udi au kanuni inapewa nafasi ya taksimu, mpigaji anatembea ndani ya makamu (ngazi ya sauti) apendavyo, na leo haitafanana na jana. Kisha yanaingia mashairi, vina na mizani vimekamilika kabla jua halijatua. Hakuna anayesimama kulalamika kwamba shairi halina moyo kwa kuwa liliandikwa Jumatano. Tunamsikiliza mwimbaji, tunamtunza pale anapotugusa. Kilichopangwa na kinachozuka vinakaa jukwaa moja bila kuulizana asili.

Tofauti ni kwamba taarabu inampa kila mmoja zamu yake. Kapustin aliiingiza taksimu ndani ya bashrafu, akaifunga humo kwa wino. Hapo ndipo uzito unapomwangukia mpigaji. Msukumo wa jazi, ule unaofanya bega litikisike lenyewe, hauandikiki wote. Mpiga piano aliyefunzwa kiklasiki tu anaweza kupiga kila nota ya Kapustin sawasawa na bado ukabaki umekaa kimya kwenye kiti. Ninaporudi kwenye rekodi alizopiga mwenyewe, nasikia miaka 11 ya bendi ya Lundstrem katika kila mkazo.

Yuko mtu wa tatu ambaye si haki kumwacha. James P. Johnson, yule yule wa Harlem, naye aliandika rapsodi yake, Yamekraw, na mwaka 1928 ilipigwa Carnegie Hall, William Grant Still akiwa amepanga okestra na Fats Waller akiwa kwenye piano. Johnson aliendelea kuandika kazi kubwa za ukumbini, na milango haikufunguka kwake kama ilivyofunguka kwa kijana aliyekwenda Harlem kumsikiliza. Kazi zake kadhaa zimepotea. Jazi ilizaliwa na watu wake, lakini daraja la kuelekea kumbi kubwa lilikuwa na mlinzi aliyetazama rangi ya ngozi kabla ya kutazama nota. Hili linaniuma kila nisikiapo klarineti ya Gorman ikipanda.

Ukurasa mtupu wa Gershwin haukubaki mtupu. Aliujaza baadaye, na leo wapiga piano wa Tokyo na London wanapiga nota zile zile. Rekodi aliyofanya na Whiteman Juni 1924 ilifupishwa ili itoshe kwenye santuri. Alichopiga alasiri ile ya Februari, kabla hajatikisa kichwa, walikisikia waliokuwa ukumbini tu.

Kuna filamu ya mwaka 1964 inayomwonyesha Kapustin, miaka 26, akipiga Toccata yake ya Opus 8 na bendi ya Lundstrem nyuma yake. Vidole vinakimbia na tarumbeta zinamjibu. Ungemwonyesha mtu asiyejua, angekuapia kwamba yule kijana anabuni pale pale.