Nguo ya Kulalia na Nyumba Yake

Ukipekua mafungu ya nguo za watoto pale Karume, Dar es Salaam, utakutana na pajama za pamba zenye lebo ndogo shingoni. Kwa Kiingereza, lebo inaagiza kwamba nguo ivaliwe ikiwa imeushika mwili, kwa kuwa kitambaa chake hakizuii moto. Muuzaji haisomi. Mama anayenunua naye haisomi, tena huchukua saizi iliyozidi, maana mtoto anakua na pesa haikui. Mimi nasoma shahada ya uzamili katika historia, na kazi tuliyofundishwa ni kuuliza kila andiko limetoka wapi na lilikuwa likimjibu nani. Lebo nayo ni andiko.

Hili lilizaliwa Marekani, na lilizaliwa na moto. Mwaka 1953 nchi hiyo ilitunga sheria ya vitambaa vinavyoshika moto haraka, baada ya watu kuungua kwa sweta za rayoni zilizolipuka kama tochi. Hata hivyo watoto waliendelea kuungua wakiwa na nguo za usiku. Gauni pana la pamba lina hewa ndani yake, na pindo lake hupepea hadi kuufikia mwali. Kwa hiyo mwaka 1972 kikaanza kutumika kipimo kipya kwa pajama za watoto wadogo: kitambaa kiguswe na mwali mdogo kwa sekunde 3, na alama ya kuungua isizidi wastani wa inchi 7, yaani kama sentimita 18.

Sheria haikusema kipimo hicho kifikiwe kwa njia gani. Viwanda vingi vilikimbilia poliesta iliyotiwa kemikali iliyojulikana kama Tris. Mzazi aliyenunua pajama hiyo aliamini amemkinga mwanawe, na kwa upande wa moto hakukosea.

Januari 1977 Bruce Ames na Arlene Blum, wanakemia wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha katika jarida la Science onyo kwamba Tris inaharibu vinasaba vya bakteria, hivyo huenda ikaleta saratani. (Blum ndiye yule mpanda milima aliyeongoza msafara wa wanawake kwenye mlima Annapurna mwaka uliofuata.) Aprili 1977 Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ikapiga marufuku nguo hizo. Mwaka 1978 utafiti mwingine ukaonyesha kuwa kemikali ilikuwa ikipenya mwilini: mabaki yake yalionekana kwenye mkojo wa watoto waliozivaa. Mwaka huohuo Tume ikakataza pia kuziuza nje, kwa sababu nguo zilizokataliwa nyumbani zilikuwa zimeanza kutafutiwa watoto wa nchi nyingine.

Mwaka 1996 Tume ikalegeza kanuni. Pamba isiyo na dawa iliruhusiwa, mradi nguo ishonwe ya kubana, kwa sababu nguo iliyoushika mwili haina hewa ya kulisha moto wala pindo la kuudaka. Kinga ikahama kutoka kwenye dawa hadi kwenye mshono, na hapo ndipo lebo yetu ilipotoka. Nguo za watoto wa miezi 9 kushuka chini ziliondolewa kabisa kwenye kipimo cha moto. Hoja ilikuwa kwamba mtoto wa umri huo hawezi kujipeleka kwenye moto.

Hoja hiyo ilinisimamisha. Ni kweli katika nyumba yenye umeme na chumba cha mtoto peke yake. Katika chumba kimoja ambamo kibatari kimewekwa juu ya stuli kando ya kitanda, mtoto hahitaji kwenda popote. Moto ndio unaomfuata. Na tunapomvalisha saizi ya mwakani, tunairudisha ile hewa ambayo mshono uliiondoa.

Sisemi kwamba kila dawa kwenye kitambaa ni adui. Chandarua chenye viuatilifu nacho ni kitambaa chenye dawa juu ya mtoto aliyelala. Lakini hicho kilipimwa hapahapa, kwa mbu wetu na vitanda vyetu. Utafiti wa Kilombero na Ulanga uliochapishwa mwaka 2001 ulihusisha vyandarua hivyo na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne. Hapo swali liliulizwa ndani ya nyumba zitakazokitumia. Pajama ya mtumba imekuja na jibu la nyumba nyingine, na swali limebaki huko.

Dada yangu, anayetarajia kujifungua, aliponiomba ushauri wa nguo, nilimwambia achague pamba laini, isiyo na kamba shingoni, inayomkaa mtoto leo. Amlaze chali, godoro liwe gumu kiasi, na asimwekee mto wala blanketi linaloweza kumfunika uso. Kibatari kihamie mbali na kitanda na chandarua kabla mtoto hajazaliwa. Akaniuliza, “Na akikua baada ya miezi mitatu?” Nikamwambia tutarudi Karume. Bei ya pajama moja ya mtumba tunaimudu.