Vitamini D na kondo la nyuma

Kondo la nyuma, au zalio, ni kiungo kinachoota kwenye ukuta wa tumbo la uzazi wakati wa mimba. Humlisha mtoto, humpitishia hewa na kuondoa taka zake, kisha hutoka baada yake, na katika jamii nyingi za Afrika Mashariki hufukiwa kwa heshima. Mimba ikikomaa, kondo huwa na uzito wa kama nusu kilo. Kwa vitamini D, kondo si mfereji wa kupitishia tu: lina uwezo wa kuigeuza lenyewe iwe homoni kamili, na homoni hiyo hufanya kazi humohumo ndani yake.

Vitamini D ilipewa jina hilo mwaka 1922 na mwanakemia wa Marekani E. V. McCollum, ingawa sehemu kubwa yake hailiwi bali hutengenezwa na ngozi inapopigwa na jua. Kutoka kwenye ngozi huenda kwenye ini, ambako hupata umbo la akiba, na hilo ndilo linalopimwa katika damu. Kisha figo huligeuza kuwa kalsitrioli, homoni yenyewe. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa ni figo peke yake inayoweza hatua hiyo ya mwisho. Mwaka 1979 watafiti walionyesha kuwa panya wenye mimba walioondolewa figo bado waliitengeneza, na mwaka huohuo tishu za kondo la binadamu zilionekana kufanya vivyo hivyo.

Katika damu ya mama kalsitrioli huanza kupanda tangu miezi mitatu ya kwanza, na mwishoni mwa mimba hufikia mara mbili hadi tatu ya kawaida. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutoka kwenye figo zake. Ile ya kondo hutumika papo hapo, na chembe za kondo huzima jeni ya kimeng'enya ambacho kingeivunja. Kazi yake ya kwanza ni kutuliza kinga. Nusu ya urithi wa mtoto hutoka kwa baba, hivyo mwili wa mama una kila sababu ya kumwona mgeni. Kalsitrioli husaidia kuzipoza chembe za ulinzi pale mama na mtoto wanapokutana. Lakini haiuachi mpaka huo wazi kwa vijidudu, kwa kuwa huziamsha chembe za kondo zitoe kathelisidini, protini inayoua bakteria.

Wengi hudhani kuwa kazi kuu ya vitamini D hapa ni kuvusha kalsiamu. Mtoto huhitaji takriban gramu 30 za kalsiamu hadi kuzaliwa, nyingi katika miezi mitatu ya mwisho. Lakini vijusi vya panya visivyo na kipokezi cha vitamini D huzaliwa na mifupa ya kawaida. Kondo huivuta kalsiamu kwa nguvu ya homoni nyingine, hata kama mama ana upungufu. Ndiyo maana matege ni nadra siku ya kuzaliwa, na hujitokeza wiki au miezi baadaye.

Swali linalowaumiza kichwa wakunga na madaktari ni kifafa cha mimba. Mwanzoni mwa mimba, chembe za kondo huingia katika mishipa midogo ya tumbo la uzazi na kuipanua ili damu ipite kwa wingi. Zikishindwa, kondo hukosa damu, na miezi baadaye shinikizo la damu la mama hupanda. Katika maabara kalsitrioli huzihimiza chembe hizo kupenya, na wajawazito wenye vitamini D kidogo wameonekana mara nyingi kupata zaidi tatizo hili. Hata hivyo, jaribio la Marekani lililotoa matokeo mwaka 2016, ambamo wanawake walianza kupewa uniti 4,400 kwa siku kati ya wiki ya 10 na ya 18, halikupunguza ugonjwa kwa kiasi cha kuaminika. Huko Dhaka, Bangladesh, wajawazito wapatao 1,300 walianzishiwa dozi mbalimbali katikati ya mimba, na mwaka 2018 ikaripotiwa kuwa watoto wao hawakukua vizuri zaidi ya wengine. Hoja ya muda ina uzito hapa: wiki ya 18 kazi ya kupanua mishipa imeshafika mbali. Akiba inayohesabiwa huenda ni ile aliyokuwa nayo mwanamke kabla hajajua kuwa ana mimba, na wengi wetu hufika kliniki tukiwa tumechelewa.

Hata kiwango cha kutosha katika damu hakijaafikiwa. Taasisi ya Tiba ya Marekani ilisema mwaka 2010 kuwa nanomoli 50 kwa lita zinawatosha karibu watu wote. Mwaka uliofuata chama cha madaktari wa homoni wa nchi hiyo kikataka 75, kisha mwaka 2024 kikakiacha kipimo hicho. Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, wanaoshinda juani, walipimwa wakakutwa na wastani wa 115. Kuishi karibu na ikweta peke yake hakutoshi, kwani miale inayohitajika haipiti kwenye kioo cha ofisi wala kwenye nguo nzito, na ina nguvu pale tu kivuli cha mtu kinapokuwa kifupi kuliko yeye. Upungufu ni wa kawaida hata katika nchi za Ghuba, kwenye jua kali, na ngozi nyeusi iliyohamia Ulaya huwa na miezi mizima ya baridi isiyotengeneza karibu chochote.

Uingereza huwashauri wajawazito wote kumeza mikrogramu 10, yaani uniti 400, kila siku. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kuwapa wote. Anayeshukiwa kuwa na upungufu anaweza kupewa uniti 200 kwa siku. Vidonge vya kuongeza damu vya kliniki, vyenye madini ya chuma na foliki asidi, havina vitamini hii.

Kitovu kinapokatwa, mtoto hubaki na akiba aliyovushiwa na kondo, kwa kawaida pungufu kidogo kuliko ya mama yake. Nusu yake huisha katika wiki mbili au tatu, na maziwa ya mama yana vitamini D kidogo.